Sanamu zinazoiuliza sayansi maswali, kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa

Gari lina magurudumu manne na umbo kamili la Tesla, mojawapo ya magari ya umeme yanayojulikana sana duniani. Lakini halina injini wala betri, na haliwezi kusogea hata hatua moja. Limesukwa lote kwa nyuzi za shaba, mjini Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga. Mtu akisimama ubavuni mwake, anaona upande wa pili kupitia mwili wa gari lenyewe.

Kazi hiyo ilitengenezwa mwaka wa 2019 na Jean Katambayi Mukendi akishirikiana na wasanii wenzake, miongoni mwao Sammy Baloji na Daddy Tshikaya. Jina lake ni la Kiingereza: Tesla Crash, a Speculation. Linataja ajali, na linataja pia makisio, yaani kuwazia jambo ambalo halijaonekana bado. Ilizaliwa ndani ya mradi uitwao On-Trade-Off, unaounganisha kituo cha sanaa Picha cha Lubumbashi na wasanii wa Ubelgiji, kwa kufuatilia safari ya lithiamu ya Manono, katika jimbo la Tanganyika, mpaka kwenye betri za magari ya ng’ambo.

Mtu aliyekulia Katanga anatambua ufundi huo mara moja. Magari ya waya ni mchezo wa watoto wa mitaani tangu zamani: kipande cha waya, vifuniko vya chupa kwa magurudumu, na fimbo ndefu ya kuongozea. Wasanii walichukua ufundi wa mtoto wakautumia kwa gari ambalo mkaaji wa kawaida wa Lubumbashi hana uwezo wa kulinunua, ingawa vitu vinavyolitengeneza vinatoka chini ya miguu yake.

Nani anaelewa gari zima?

Kadiri ya hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, gari moja la umeme linahitaji zaidi ya kilo 50 za shaba, wakati gari la mafuta linahitaji kilo 20 na kidogo. Kwa upande wa kobalti, Congo peke yake inatoa zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani kote. Hayo yanajulikana, na yanasemwa kila siku katika hotuba na katika habari.

Lakini sanamu ya Lubumbashi inauliza jambo lingine. Mchimbaji wa Kolwezi analijua jiwe: rangi yake, uzito wake, na kina cha shimo linakotoka. Injinia wa kiwanda anaijua betri. Mfanyabiashara anaijua bei. Mwenye gari anajua kubonyeza na kwenda. Hakuna hata mmoja kati yao anayekijua kitu chote, tangu udongo hadi barabara. Kila mmoja ameshika kipande, na mahali kipande chake kinapoishia ndipo ujuzi wake unapoishia.

Ndiyo maana gari la shaba lina maana hata kama haliendi. Gari halisi limefunikwa kwa rangi na vioo, na linaficha ndani yake mambo ambayo hata mwenyewe hayaelewi. Hili la shaba liko wazi kabisa, macho yanapita ndani, na bado anayelitazama anabaki na swali lake. Kuona kitu na kukielewa ni mambo mawili.

Katambayi alizaliwa Lubumbashi mwaka wa 1974 na anaishi huko mpaka leo. Alisomea ufundi wa umeme. Tangu zamani anapenda hesabu na jiometri, na kazi zake nyingi ni mashine za katoni, karatasi, nyuzi na vipande vya vyombo vya umeme vilivyotupwa. Ana pia mfululizo wa michoro mikubwa anaouita Afrolampes: ampuli za umeme zilizochorwa kwa uangalifu wa fundi, ambazo tumbo lake limejaa mistari iliyosukwa kama mtambo usiojulikana.

Kwa mkaaji wa Congo, ampuli si kitu kidogo. Mnamo mwaka wa 1982 nchi ilianza kutumia laini ya umeme ya Inga-Shaba, yenye urefu wa kilometa 1700 hivi, ili kuleta umeme wa mto Congo hadi kwenye migodi ya Kolwezi. Nguzo zake zinapita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku vinabaki gizani. Hata leo, katika nchi nzima, ni kama mtu mmoja kwa watano anayepata umeme. Fundi anayechora ampuli Lubumbashi anajua sheria za umeme zilivyo katika kitabu, na anajua pia kwamba sheria hizo peke yake haziwashi taa nyumbani. Kati ya kile sayansi inachojua na kile watu wanachopata, kuna nafasi kubwa. Mashine zake za katoni zinakaa ndani ya nafasi hiyo.

Hospitali ya karatasi

Katambayi si wa kwanza. Mjini Kinshasa, kabla yake, Bodys Isek Kingelez alikuwa amekwisha kujenga miji mizima kwa karatasi ngumu, plastiki, mkasi, wembe na gundi.

Kingelez alizaliwa mwaka wa 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, akafika Kinshasa akiwa kijana, akafundisha shule. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliacha ualimu akajifungia kutengeneza nyumba za karatasi. Alipopeleka kazi yake kwenye makumbusho ya taifa, wakubwa wa pale hawakuamini kwamba ni mikono yake iliyoitengeneza. Walimtaka atengeneze nyingine mbele yao. Aliifanya, nao wakampa kazi ya kutengeneza upya vitu vya zamani vilivyoharibika. Mwaka wa 1989 alialikwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la terre, na tangu hapo jina lake likaenea.

Maketi zake zinavutia kwa rangi. Kuna minara, nyota, ngazi, bendera na madirisha mengi sana. Wengi wanazitazama kama ndoto za mtu mwenye furaha. Ila mojawapo, ya mwaka wa 1991, inahitaji kutazamwa kwa utulivu zaidi. Ni Kituo cha kisayansi cha kulaza wagonjwa wa Sida.

Lazima kukumbuka mwaka huo ulikuwaje. Tangu mwaka wa 1984, watafiti Wakongo pamoja na wenzao kutoka Marekani na Ubelgiji walikuwa wakifanya kazi katika hospitali ya Mama Yemo, ambayo leo ni Hospitali kuu ya Kinshasa, ndani ya mradi ulioitwa Projet Sida. Ulikuwa mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake barani Afrika wakati ule. Ulisaidia dunia kuelewa kwamba ugonjwa huo unapita kati ya mwanaume na mwanamke, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Mwezi wa tisa 1991, wanajeshi wasiolipwa walianza kupora mji, wakaaji wakafuata, wageni wakakimbia nchi, na mradi ukafungwa. Dawa zinazounganishwa pamoja ili kuzuia virusi hazikujulikana hadi mwaka wa 1996, na wagonjwa wengi wa Kinshasa walizisubiri miaka mingi zaidi.

Hivyo, mwaka ule ule ambao utafiti ulikatika, Kingelez alikuwa akijenga hospitali. Hakuwa na dawa ya kuponya ugonjwa huo ya kuweka ndani yake, wala mtu mwingine duniani hakuwa nayo. Alikuwa na karatasi. Alijenga jengo zuri lenye rangi za sherehe kwa ajili ya wagonjwa ambao wakati ule walifichwa na kuogopwa hata na ndugu zao. Sayansi ilikuwa imefika kwenye ukuta. Sanamu ilisema kwamba hata mbele ya ukuta huo mgonjwa anastahili kitanda, dirisha na heshima.

Mtu anaweza kusema kwamba jengo la karatasi haliponyi. Ni kweli. Lakini kabla ya hospitali kujengwa kwa matofali, lazima kwanza mtu aifikirie, na aamini kwamba wale watakaolala mle wanafaa kutunzwa. Sehemu hiyo ya kazi si ya daktari peke yake.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1996, Kingelez alimaliza Ville Fantôme, mji wa karatasi wenye urefu wa karibu mita sita. Yeye mwenyewe aliueleza kama mji wa amani usiohitaji polisi, wala askari, wala waganga. Hapo hakuna mgonjwa tena. Anayejua ile hospitali ya 1991 anaweza kuona mji huo kama jibu lake, au kama kukiri kwamba jibu halimo katika dunia hii: jina la mji lenyewe linamaanisha mji wa mizimu.

Vyombo vya anga kutoka vitu vilivyotupwa

Mkongo mwingine, Rigobert Nimi, aliyezaliwa mwaka wa 1965 na anayefanya kazi Kinshasa, alielekeza macho juu zaidi. Anatengeneza vyombo vya anga, roboti na viwanda vidogo kwa bati, plastiki, nyuzi na vipande vya mashine kuukuu. Taa zinawaka ndani yake. La Cité des Étoiles, yaani Mji wa Nyota, ya mwaka wa 2006, ni mojawapo ya kazi zake zinazojulikana. Mwaka wa 2015 sanamu zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya Fondation Cartier kuhusu sanaa ya Congo, pamoja na zile za Kingelez aliyefariki mwaka huo huo.

Anayecheka wazo la Mkongo kujenga chombo cha anga anasahau historia. Mwaka wa 1977 kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG ilianza kurusha maroketi kutoka ardhi ya Shaba ya kaskazini, kwenye uwanda ulio juu ya mto Luvua. Rais Mobutu aliipatia eneo kubwa sana. Mwaka wa 1978 roketi ilianguka mbele ya macho yake, na mwaka uliofuata, baada ya nchi nyingi kulalamika, kampuni iliondolewa. Kwa wakaaji wa upande ule hakukubaki chuo cha anga wala maabara. Maroketi yalikuwa ya wengine. Ardhi tu ndiyo ilikuwa yao.

Nimi alifanya kinyume chake. Hana ardhi ya kurushia, hana mafuta ya roketi. Ana maswali ya yule anayejenga: watu wataishi vipi huko juu, mlango utafungukaje, nani ataendesha nini. Chombo chake hakitatoka Kinshasa, lakini maswali yanabaki kwa mwenyewe.

Mti unaosomwa kwa kidole

Kuna watu wanaosema kwamba sanaa ya namna hii imeigwa kutoka Ulaya, kwamba mchongaji wa Kiafrika kazi yake ni mask na sanamu za mababu, na mambo ya sayansi awaachie wengine. Historia ya Katanga inakataa.

Waluba walikuwa na lukasa: ubao mdogo wa mti wenye shanga, maganda ya konokono na alama zilizochongwa. Aliyefunzwa katika chama cha Mbudye aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, na kwa njia hiyo akasimulia asili ya ufalme, safari za wakubwa, na mahali patakatifu. Rangi ya ushanga, ukubwa wake, na jirani zake vilibeba maana. Ubao mmoja uliweza kusomwa kwa namna tofauti kadiri ya msomaji na wasikilizaji wake.

Hicho kilikuwa chombo cha ujuzi, na pia sanamu. Tena kilikuwa na mpaka wake kinaoujua: bila mtu aliyefunzwa, lukasa ni ubao wenye shanga tu. Wazee waliochonga walielewa kwamba ujuzi haukai ndani ya kitu peke yake. Unakaa kati ya kitu na mtu anayekisoma. Gari la shaba la Lubumbashi linasema jambo karibu na hilo.

Mwanafalsafa Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka wa 1941 na kufariki mwaka wa 2025, alitumia maisha yake kuchunguza swali la jirani. Alifundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi kabla ya kuhamia Marekani. Katika kitabu chake The Invention of Africa cha mwaka wa 1988, alionyesha jinsi ujuzi mwingi kuhusu Afrika ulivyotengenezwa na wasafiri, wamisionari na watafiti wa kigeni, kwa maneno yao na kwa mahitaji yao. Akauliza: Mwafrika anayetaka kujijua mwenyewe ataanzia wapi, ikiwa hata maneno anayotumia yametengenezwa na wengine?

Wachongaji hawa hawakuandika kitabu cha kumjibu. Lakini kila mmoja ameshika jambo ambalo huwa linasemwa bila yeye, kama vile umeme, virusi, anga au betri, akalijenga upya kwa mikono yake, kwa vitu alivyopata karibu. Huko ni kukataa kubaki mtoa madini tu katika mazungumzo ya dunia juu ya kesho.

Mbali na macho ya nyumbani

Linabaki tatizo moja, na ni kubwa. Kazi nyingi za wasanii hawa ziko mbali. Mwaka wa 2018 makumbusho ya MoMA ya New York yalimfanyia Kingelez maonyesho makubwa yake peke yake. Wageni waliweza hata kuvaa miwani ya kompyuta na kutembea ndani ya Ville Fantôme. Mwanafunzi wa Kinshasa anayetaka kuona hospitali ya 1991 anaitafuta kwenye simu, kama kifurushi cha intaneti kinatosha.

Kuna dalili za mabadiliko. Biennale ya Lubumbashi, iliyoanza mwaka wa 2008, inaleta kazi za sasa mbele ya wakaaji wa mji wenyewe. Mwaka wa 2019 Kinshasa ilipata jengo jipya la makumbusho ya taifa. Lakini jengo linahitaji vitu, na vitu vinahitaji fedha, walinzi na utashi. Sanamu ya karatasi haiwezi kusubiri kama sanamu ya jiwe: joto, unyevu na panya vinaimaliza haraka. Nchi isipoamua mapema, kazi za leo nazo zitakwenda, kwa sababu anayenunua ndiye anayetunza.

Wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wanalijua jambo hilo vizuri. Mwaka wa 1950, huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, mtafiti Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wa mnyama, wenye urefu wa kama sentimita kumi na jiwe la kwarizi limewekwa kwenye ncha yake. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20000 hivi. Umechongwa mikato katika safu tatu. Ukihesabu, safu mbili zinatoa 60 kila moja, na ya tatu inatoa 48. Katika safu mojawapo kuna makundi ya 11, 13, 17 na 19, namba ambazo haziwezi kugawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe.

Wataalamu wamebishana tangu hapo. Wengine wanasema ni hesabu, labda za zamani kuliko zote zinazojulikana. Wengine wanasema ni kalenda ya mwezi. Wengine wanasema ni mikato ya kushikia vizuri tu, na sisi ndio tunaoingiza hesabu mle. Hakuna aliyeshinda. Aliyechonga alijua anachofanya, na ujuzi huo alikwenda nao.

Mfupa huo unahifadhiwa Brussels, katika taasisi ya kifalme ya sayansi ya maumbile. Watoto wanaosoma hesabu Beni, Butembo au Kyavinyonge, safari fupi kutoka mahali ulipopatikana, wanaukuta katika picha, kama mwalimu amebahatika kuwa nayo. Pengine kati yao yumo atakayeona katika mikato hiyo jambo ambalo wengine hawakuliona. Kwa hilo, angepaswa kwanza kuushika mkononi.